Meza Haichimbiki

Msikilizaji, meza haichimbiki. Hilo ndilo tatizo la kwanza la kila anayetaka kutengeneza handaki la vita kwa ajili ya mchezo wa mezani. Kilima utakiweka juu ya meza na kitakaa. Nyumba utaiweka. Mto utauchora, daraja utaliinua juu yake. Lakini handaki ni shimo, na ubao wa meza una unene wa sentimita mbili tatu, chini yake ni magoti ya wachezaji. Utachimba wapi?

Kwa ambao hawajawahi kuuona mchezo wenyewe, nieleze kidogo. Watu wawili au zaidi wanakutana kwenye meza kubwa iliyotengenezwa ifanane na uwanja wa vita. Kila mmoja ana jeshi lake la sanamu ndogo za askari, za plastiki au za madini, alizozipaka rangi kwa mkono wake. Ukubwa unaopendwa sana siku hizi ni wa milimita 28, yaani askari aliyesimama analingana takriban na kidole chako cha shahada mpaka kwenye kiungo cha kwanza. Mwendo hupimwa kwa utepe, shabaha huamuliwa kwa dadu, na kanuni zimeandikwa vitabuni. Mchezo huu una wapenzi wengi Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, na Marekani pia, na si mchezo wa jana. Mwaka 1812, Georg Leopold von Reisswitz alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia meza ya mchezo wa vita yenye vigae, kila kigae kipande cha nchi, na ukivipanga upya unapata nchi nyingine. Mwanawe akaacha vigae akatumia ramani, akachapisha kanuni zake mwaka 1824, na maofisa wa jeshi wakazitumia kujifunzia kazi. Halafu mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells akatoa kitabu chake Little Wars, cha vita vya sakafuni, askari wa risasi wakipigwa kwa mizinga midogo inayorusha vijiti. Mwaka uliofuata vita vya kweli vikalipuka Ulaya, Vita vya Kwanza vya Dunia, na ndivyo vilivyoufanya mtaro wa udongo kuwa makazi ya mamilioni ya vijana kwa miaka minne.

Sasa turudi kwenye shimo letu. Fundi wa mezani ana njia mbili. Ya kwanza ni kujenga juu: anaweka kingo mbili za udongo wa bandia juu ya meza, katikati anaacha njia, na askari wake wanasimama humo. Ya pili ni kuinua nchi nzima: anafunika meza yote kwa foamu ngumu ya sentimita nne au tano, kisha anaichonga foamu hiyo kwenda chini. Njia ya kwanza ni rahisi, nyepesi, na ukimaliza kucheza unavitia vipande kabatini. Ya pili inakula fedha, inakula nafasi, na ukishachonga handaki mahali pake hulihamishi. Wengi huamua kwa kuangalia mfuko na kabati. Mimi naona swali la kwanza liwe jingine: handaki hili lilikuwa wapi?

Nchini Ubelgiji, kwenye tambarare za Flanders kuzunguka mji wa Ypres, maji yako karibu sana na uso wa ardhi. Askari akichimba kidogo tu, shimo linamjaa. Kwa hiyo walichimba kiasi walichoweza, kisha wakapanda juu kwa viroba vya mchanga na udongo, ukuta mbele, ukuta nyuma. Ukilitazama handaki la namna hiyo kwa mbali, unaona tuta. Hivyo fundi anayejenga juu ya meza kwa sababu meza haichimbiki anafanya kile kile alichofanya askari wa Flanders kwa sababu ardhi yake haikuchimbika. Hapo meza na historia zimekubaliana, na kazi ya aina hiyo ni ya kweli kabisa.

Nenda kusini hadi mto Somme, Ufaransa, na mambo yanageuka. Pale chini ya udongo kuna mwamba laini wa chokaa, mweupe, unaochimbika vizuri na kusimama bila kubomoka. Wajerumani waliuchimba kushuka mita kadhaa, pengine mita 9, wakachonga vyumba vya kulala vyenye ngazi na miimo ya mbao. Waingereza wakawapiga kwa mizinga kwa wiki nzima. Tarehe 1 Julai 1916 askari wa Uingereza wakatoka kwenye mahandaki yao kuvuka uwanja, na walioshambuliwa kwa wiki nzima wakapanda ngazi zao na bunduki za rashasha wakiwa hai. Siku ile moja Waingereza walipoteza watu 57,470, kati yao 19,240 waliuawa. Ukijenga Somme kwa vituta viwili juu ya meza umefuta sababu ya maafa yale. Hapo lazima nchi iinuliwe ili handaki lishuke, na lazima kwenye ukuta wa mbele wa handaki la Wajerumani uonekane mlango: fremu ya njiti za kiberiti, vidato viwili vya ngazi, na baada ya hapo rangi nyeusi tii. Kitu hicho hakizidi upana wa kucha ya dole gumba. Lakini mchezaji anayeshambulia akikiona anajua kwamba mizinga yake haijamaliza kazi.

Umbo nalo lina sababu zake, na hapa ndipo wanaoanza wanapoteleza, kwa kuwa mstari ulionyooka ni rahisi kukata. Handaki la mapigano halikunyooka. Kila baada ya mita chache lilikunja, likazunguka bonge la udongo lililoachwa makusudi, likarudi, likaendelea. Ukitazama picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege za wakati ule unaona meno ya msumeno yanakwenda hadi upeo wa picha. Kombora likitua ndani ya kipande kimoja, bonge lile linazuia mlipuko usiende mbali. Na adui akiingia mwisho mmoja, hawezi kusimama na bunduki yake akafyeka watu wote mpaka mwisho wa pili. Handaki lililonyooka mezani linampa mchezaji mwenye rashasha zawadi ambayo askari wa kweli hakuipata, na mchezo wote unaharibika kwa sababu ya uvivu wa kisu.

Kuna mambo mengine mawili ambayo fundi mzuri hayasahau. Ndani, upande wa adui, kuna kidato kirefu cha kusimamia. Handaki lilikuwa na kina kupita kimo cha mtu ili atembee bila kuonekana, kwa hiyo akitaka kufyatua lazima apande. Na ukingo wa nyuma mara nyingi ulizidi ule wa mbele kwa urefu, kwa sababu kichwa kikiwa na mbingu nyuma yake huonekana mara moja, ila kikiwa na udongo nyuma yake hupotea. Tengeneza hivyo mezani, kisha inama usawazishe jicho lako na askari wa upande wa pili. Utaona mwenyewe.

Vipimo vinatutesa kidogo. Kwa sanamu za milimita 28, mafundi wengi huhesabu kwamba kila kitu kimepunguzwa mara 56. Kina cha mita mbili kinakuwa milimita 36, na foamu ya sentimita nne inakibeba vizuri. Upana ndio mgogoro. Handaki la kweli lilikuwa jembamba chini, mita moja hivi au pungufu, na hiyo mezani ni milimita 18, ilhali kitako cha duara anachosimamia askari wako kina milimita 25. Haingii. Itabidi upanue hadi milimita 40 hivi, na vidole vya mchezaji navyo vipate pa kupita. Ukweli umepunguzwa hapo na hakuna njia. Vivyo hivyo kwa seng'enge. Katika vita iliwekwa mita 20 au zaidi mbele ya handaki, ili adui aliyenaswa asiweze kulirushia bomu la mkono. Mita 20 mezani ni karibu sentimita 36, na meza ya kawaida ina upana wa sentimita 120 tu, na majeshi mawili yanataka nafasi. Wengi wanaibandika seng'enge mdomoni kabisa mwa handaki. Afadhali utoe hata sentimita 15, kwa sababu seng'enge iliyo mdomoni haimlindi mtu.

Tuingie kwenye kazi yenyewe. Foamu nzuri ni ile ngumu ya kuzuia joto kwenye majengo, inayokatika laini kama siagi. Kama haipatikani, ile nyeupe inayokuja ndani ya boksi la friji au televisheni itafaa, ingawa inamomonyoka vipunje na inataka kisu chenye makali mapya. Chora mstari wa handaki kwa kalamu, kata kuta kwa mwinamo kidogo, usizikate wima kama ukuta wa chumba, maana udongo haukai hivyo bila kuzuiwa. Na ulizuiwa kwa vitu ambavyo utavitengeneza: mbao, mabati, fito zilizosukwa. Wajerumani walipenda sana kusuka fito, na mtu yeyote aliyewahi kuona nyumba ya fito na udongo atajua namna ya kuifanya kwa nyuzi na njiti. Mbao ni vijiti vya kukorogea kahawa au vya aiskrimu, vikatwe vipande visivyolingana, kimoja kipasuliwe, kimoja kikosekane. Bati ni karatasi ya boksi: iloweshe, bandua tabaka la juu, na migongo ya ndani inatokea. Chini weka vichanja vya mbao vya kutembelea, vile vilivyowaepusha askari na tope la kufika magotini.

Viroba vya mchanga vinastahili subira kuliko kitu kingine chochote. Chukua udongo wa kufinyangia unaokauka wenyewe, uviringishe uwe mjiti mwembamba, ukate vipande vya milimita 9. Bonyeza kila kipande kwa kitambaa cha pamba ili alama za uzi zibaki. Kisha vipange vikiwa bado laini, vingine kwa urefu, vingine kwa kichwa, kiungo cha safu ya juu kisiangukie juu ya kiungo cha safu ya chini. Askari walifundishwa kuvipanga hivyo, mdomo wa kiroba ukielekea ndani ili kisimwagike. Ukivibonyeza kidogo kwa kidole, vinalaliana, vinajaza mapengo, na ghafla unaona uzito. Vile vinavyouzwa tayari mara nyingi vimenyooka sana, vinafanana mno. Kipande kimoja cha ukuta ulichokipanga mwenyewe kinapendeza kuliko mita nzima ya kununua.

Seng'enge utaipata kwa kuzungusha waya mwembamba wa shaba, ule wa ndani ya kebo kuukuu, kwenye msumari, kisha kuuvuta taratibu mpaka mizunguko ifunguke. Nguzo zake wakati wa vita nyingi zilikuwa za chuma kilichopindwa kama kizibuo, ili askari usiku azikaze kwenye udongo kwa kuzungusha bila kugonga nyundo. Adui alikuwa karibu kiasi cha kusikia nyundo. Kipande cha waya kilichopindwa mara tatu kinatosha kuliweka jambo hilo mezani.

Kabla ya rangi, onyo moja. Rangi ya kupuliza ya kopo inaila foamu, inaiyeyusha mbele ya macho yako. Changanya gundi nyeupe ya mbao na rangi nyeusi ya maji, upake kila mahali, hasa kwenye mashimo na pembe, uache ikauke usiku mzima. Gundi hiyo ni ngozi: inakinga foamu na inashika mchanga uliounyunyizia. Baada ya hapo huja rangi ya udongo, kisha brashi kavu, yaani unachovya brashi, unaifuta kwenye kitambaa mpaka ionekane haina kitu, halafu unaipitisha juu juu. Migongo ya viroba, kingo za mbao na vichwa vya kokoto vinapata rangi ya kupauka, na mabonde yanabaki na giza. Sijui hatua nyingine yenye furaha kama hiyo. Kwa dakika chache kipande cha plastiki kinageuka kuwa ardhi.

Ardhi ipi, sasa? Rangi moja ya kahawia haiwezi kuwa rangi ya dunia nzima, na nashangaa ni meza ngapi nzuri zinaangushwa na kopo moja la kahawia. Flanders ni mfinyanzi wa kijivu, umelowa. Mashimo ya makombora yana maji, na maji hayo utayapata kwa matabaka membamba ya vanishi ya kung'aa. Somme juu ni kahawia, lakini kila kilichotupwa nje ya handaki ni cheupe, kwa hiyo kingo ziwe na weupe wa chokaa uliochafuka, na marubani waliyaona mahandaki yale kutoka angani kwa sababu hiyo hiyo.

Kutengeneza handaki dogo si kazi ya wapenzi wa mchezo peke yao. Mwaka 1917, kabla ya shambulio la Messines huko Ubelgiji, ulijengwa ardhini mfano mkubwa wa kilima cha Messines pamoja na mahandaki yake, na ipo picha mashuhuri ya askari wa Australia wamesimama wakiutazama. Usiku wa kuamkia shambulio, saa 9 na dakika 10 alfajiri ya tarehe 7 Juni, baruti iliyozikwa chini ya mahandaki ya Wajerumani ililipuliwa katika sehemu 19. Mwaka uliofuata, kwenye kambi ya Brocton huko Cannock Chase, Uingereza, kikosi cha askari wa New Zealand kiliusimamia mfano mwingine wa Messines, wa saruji na kokoto, na waliofanya kazi ya mikono walikuwa mateka wa Kijerumani. Walikuwa wakitengeneza kwa udogo mahandaki ya jeshi lao wenyewe. Wanaakiolojia waliufukua mwaka 2013, wakaupima, kisha wakaufunika tena ili usiharibike.

Wapo wanaouliza kama ni halali kucheza na mambo kama haya. Ni swali la haki, na linastahili kujibiwa kwa heshima. Wells mwenyewe, baada ya kueleza raha yote ya vita vyake vya sakafuni, alimalizia kwa kusema kwamba anayevicheza mara chache tu atatambua jinsi vita vikubwa vilivyo mambo ya hovyo. Mimi naongeza kwamba inategemea uangalifu. Anayekata kona za handaki, anayepanga viroba, anayeuweka mlango ule mweusi mahali pake, amelazimika kuuliza juu ya waliochimba. Anayemwaga makopo ya rangi bila kuuliza ndiye anayenitia wasiwasi.

Na kwetu je? Mahandaki yalichimbwa kwetu pia. Karibu na Taveta, kwenye nyika ya Kenya inayotazamana na Kilimanjaro, kipo kilima kidogo kiitwacho Salaita. Tarehe 12 Februari 1916 brigedi ya askari wa Afrika Kusini, wageni kabisa katika nchi hii, ilitumwa kukishambulia kwa niaba ya Waingereza. Mizinga ilipiga juu, kileleni. Lakini wenye kilima, jeshi la Wajerumani ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika, walikuwa kwenye mahandaki ya chini, kitakoni, yamefichwa na vichaka. Makombora yakapita juu ya vichwa vyao. Waafrika Kusini walipokaribia wakapokelewa kwa risasi, wakarudi nyuma kwa hasara, na Wabaluchi kutoka India ndio waliosimama kuzuia wasifuatwe. Mwezi uliofuata tu, Jenerali Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, alipozunguka na jeshi kubwa, ndipo kilima kikaachwa.

Ningependa sana kuiona meza ya Salaita, na vifaa vyake viko mlangoni kwetu. Udongo wake ni mwekundu: anza na rangi ya kutu iliyokoza, brashi kavu iwe ya matofali yaliyopauka, na vumbi hilo hilo lipande kwenye miguu ya askari na kwenye vigogo vya miti. Majani makavu ni nyuzi za katani zilizokatwa fupi na kusimamishwa kwenye gundi, na katani inalimwa huko huko Taita Taveta. Badala ya seng'enge weka boma la miiba, kwa vijiti vya mgunga, kama lilivyotumika sana katika vita vile vya Afrika Mashariki. Na weka wapagazi. Karibu kila meza ya vita hivyo niliyoiona ina bunduki nyingi na haina mzigo hata mmoja, ilhali maji, unga na risasi vilifika kwa vichwa na mabega ya watu, na makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Wawe na kazi mezani: handaki ambalo halijafikiwa na mpagazi katika zamu mbili lisiruhusiwe kufyatua rashasha.

Imebaki kazi ya kumficha mwenye handaki, maana mshambuliaji akiliona kitakoni mwa kilima hatapiga kilele. Chonga basi mahandaki mahali pawili, juu na chini, na uyafunike yote kwa vichaka vya kuondoleka, kila kichaka kwenye kitako chake. Mlinzi aandike kwenye karatasi askari wake wako wapi, aikunje, aiweke pembeni ya meza. Mshambuliaji ana makombora ya kuhesabika, na lazima ayamalize kabla askari wake hawajaanza kutembea. Akishayarusha yote, aende. Vichaka viondolewe pale tu atakapofika sentimita 20 kutoka kwavyo, na karatasi ifunguliwe.